Kalibre 12 au 20 kwa kanga na sahani za udongo?

Yaya, umeuliza kati ya bunduki ya marisau ya kalibre (upana wa mtutu) 12 na ya 20 ipi ifae kwa kuwinda kanga na kwale nje ya Lubumbashi, na kwa kulenga sahani za udongo zinazorushwa hewani. Chukua 12. Kwenye sahani, katriji ya gramu 24 au 28 za marisau inatosha, bega halichoki haraka. Kwa kanga, ndege mgumu kweli, panda hadi gramu 32 au 36. Kalibre 20 ni nyepesi kubeba porini, basi.

Ukija kuwa nazo zote mbili, usichanganye katriji mfukoni. Ya 20, nyembamba kuliko ya 12 na kwa kawaida ya njano, ikiingia kwenye bunduki ya 12 huteleza na kukwama ndani ya mtutu. Chemba, pale pa kuwekea katriji, inaonekana tupu, unaweka ya 12, unafyatua, mtutu unapasuka karibu na mkono unaoushika.