Mkuu, usipime matokeo ya ujifunzaji kwa wastani wa moduli

Mkuu, hiyo ripoti usiipeleke. Umesema mko chuoni hapo Moshi, mnapima matokeo ya ujifunzaji ya diploma ya uhasibu, yaani yale mwanafunzi anayopaswa kuweza kufanya akimaliza, na mpango wako ni kuchukua wastani wa alama za mwisho za kila moduli. Darasa likipata asilimia 62 unaandika "tokeo limefikiwa". Nimesoma hapo mara mbili na moyo umeniuma, maana ndipo sisi tulipozama.

Alama ya mwisho ya moduli haikuambii mwanafunzi anaweza nini. Moduli moja ya uhasibu wa fedha inabeba matokeo matano au sita: kuingiza miamala kwenye vitabu, kuandaa urari (orodha ya salio za akaunti zote, debiti upande mmoja na krediti upande wa pili), kufanya marekebisho ya mwisho wa mwaka (kuhakikisha mapato na gharama ni za mwaka huo tu), usuluhisho wa benki (kulinganisha kitabu cha fedha na taarifa ya benki), kuandaa taarifa za fedha. Juu yake kuna kazi za vikundi na majaribio ya darasani. Ukishajumlisha vyote umepika makande, na makande yaliyoiva huwezi kuyapima maharage peke yake.

Chukua swali lile tunalolitunga wote, la kuandaa taarifa za mwisho wa mwaka kutoka kwenye urari, alama 20. Mwongozo wa usahihishaji kwa kawaida unakwenda hivi: mistari 22 isiyoguswa na marekebisho, nusu alama kila mmoja, jumla 11. Kisha marekebisho sita, alama moja na nusu kila moja, jumla 9. Mwanafunzi wa kwanza amenakili mistari yote 22 mahali pake na hakugusa hata rekebisho moja: amepata 11. Wa pili amefanya marekebisho yote sita kwa usahihi, muda ukamwishia akiwa amejaza mistari minne tu: 9 na 2, naye amepata 11. Mmoja ajua kunakili, mwingine ajua uhasibu, na kwenye jedwali lako wote wawili ni asilimia 55. Hapo tokeo la "kufanya marekebisho ya mwisho wa mwaka" utaliandikia nini?

Wala usijifariji kwamba urari umelingana. Kampuni ya utalii ya Arusha inafunga mwaka Desemba 31. Desemba 20 imepokea shilingi 6,000,000 za mgeni atakayepanda Kilimanjaro Januari 10. Mwanafunzi akidebiti benki na kukrediti mapato, urari unalingana kabisa, mizania (taarifa ya mali, madeni na mtaji) nayo inalingana. Lakini ile pesa ni dhima, kampuni inadaiwa huduma ambayo bado haijatoa. Hilo ni kosa la kanuni, na urari haulioni. Anayesahihisha kwa kuangalia jumla mbili za chini kama zinafanana anampa vema mtu ambaye mwaka wa kwanza kazini atapandisha mapato ya mwajiri wake kwa milioni sita zisizo zake.

Sheria ni moja, na ukisahau mengine yote hapa ishike hii: kila kipengele cha swali kibebe tokeo moja, na alama yake iandikwe peke yake KABLA ya kujumlisha. Tukishajumlisha juu ya jalada, habari zote zimepotea.

Na hapa niseme wazi. Mshauri aliyetuletea kiolezo chenye safu mbili, jina la moduli na wastani, akatuhakikishia kinatosha, alitupotezea mwaka mzima wa masomo. Hakufungua hata karatasi moja ya mtihani. Hakuuliza mwongozo wa usahihishaji umegawa alama vipi. Mtu wa namna hiyo hafai kufundisha walimu wa uhasibu kupima chochote, na nikiona kiolezo kilekile kinazunguka vyuoni huku kaskazini, nakasirika upya.

Utekelezaji si mgumu. Kabla ya kutunga mtihani, chora jedwali: matokeo kushoto, vipengele vya maswali juu, weka alama panapokutana. Tokeo lisilo na kipengele hata kimoja halipimwi, liwe limeandikwa vizuri namna gani kwenye mtaala. Tokeo linaloanza na "aelewe" libadilishe kwanza, maana kuelewa hakuonekani kwenye karatasi. Andika "akokotoe", "aandae", "asahihishe". Kwenye Excel kila kipengele kiwe na safu yake, na jumla ijitokeze yenyewe mwishoni.

Sasa sehemu ambayo wengi wanairuka: andika pia aina ya kosa, alama peke yake haitoshi. Mfano kodi ya pango. Shilingi 3,600,000 zimelipwa Oktoba 1 kwa miezi 12, mwaka unaisha Desemba 31. Gharama ya mwaka ni 900,000, na 2,700,000 ni malipo ya mbele, yanakaa upande wa mali. Aliyeweka 3,600,000 zote kwenye gharama hakuona kabisa kwamba kuna rekebisho. Aliyeweka 2,700,000 kama gharama anajua kugawa ila amegeuza pande. Aliyepata gharama 900,000 sawasawa, kisha akaiweka 2,700,000 kwenye madeni, anachanganya kilicholipwa kabla na kinachodaiwa. Makosa matatu, dawa tatu tofauti darasani, na kwenye karatasi yote yanaweza kuonekana "amekosa" tu. Sisi tunatumia herufi pembeni: A kwa aliyeacha, G kwa aliyegeuza, M kwa aliyechanganya msingi, H kwa kosa la hesabu tupu. Haichukui sekunde tatu.

Jihadhari na kosa linaloburuzwa. Mwanafunzi akikosea uchakavu (gharama ya mali kupungua thamani), faida itakosewa, mtaji utakosewa, mizania nayo. Ukimkata kote umemhukumu mara nne kwa kosa moja, na matokeo mengine matatu yataonekana hayakufikiwa wakati yamefikiwa. Mkate pale pa uchakavu, kisha fuata tarakimu yake mwenyewe: akiipeleka mahali sahihi, mpe alama zake.

Kiwango cha kufaulu kiwekeni kabla ya kufungua karatasi. Kwa mfano: asilimia 70 ya wanafunzi wapate angalau 6 kati ya zile 9 za marekebisho. Kiwango kikiwekwa baada ya kuona alama, kila tokeo litafikiwa na hakuna atakayejifunza kitu.

Kama darasa ni kubwa, tuseme 120, si lazima uchambue zote. Panga kwa namba za usajili, piga kura kati ya 1 na 4 upate pa kuanzia, kisha chukua kila karatasi ya nne: utapata 30. Usichukue za juu ya rundo, kwa sababu mara nyingi rundo limepangika kufuatana na waliomaliza mapema. Walimu wawili wasahihishe karatasi 10 zilezile kila mmoja peke yake bila kuonyeshana. Wakitofautiana zaidi ya alama 2 kati ya 20, tatizo ni mwongozo, urekebisheni kwanza.

Uliuliza pia kuhusu dodoso la wanafunzi. Dodoso linakuambia wanavyojihisi. Aliyeweka 2,700,000 upande wa madeni naye atajaza "nimeelewa vizuri sana", kwa moyo mweupe kabisa.

Kwa kuwa tarehe yenu imekaribia, fanya hivi. Omba karatasi za semista iliyopita zilizoko stoo kabla hazijaondolewa. Toa 30 kwa njia niliyoeleza, uchambue swali la taarifa za mwisho wa mwaka peke yake, rekebisho kwa rekebisho. Ukitumia dakika sita kwa karatasi, ni saa tatu, Jumamosi moja asubuhi. Ukipata kwamba ni 13 tu waliofikisha alama 6 wakati mlihitaji 21, andika hivyohivyo kwenye ripoti, "halijafikiwa", na chini yake taja herufi gani imejitokeza zaidi na ni rekebisho lipi mtalifundisha upya semista ijayo.