Kabla ya Kumpandisha: Majibu kwa Wanaozalisha Mbwa Wadogo

Barua nyingi nilizopokea mwezi huu zimetoka kwa wafugaji wa mbwa wadogo wa nyumbani wanaotaka kuwazalisha kwa mara ya kwanza. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kosa ninalokutana nalo katika chumba cha upasuaji.

Shikamoo daktari. Chihuahua wangu ana miezi tisa na uzito wa kilo moja na nusu. Ameingia kwenye joto kwa mara ya kwanza, na jirani yangu ana Spitz wa Kijapani mwenye kilo nane, mweupe na mpole. Je, tuwapandishe? (Mama wa Ruaka, Kiambu)

Marahaba, mama. Nakuomba usiwapandishe, wala si kwa joto hili tu. Kuingia kwenye joto, yaani kuanza kutaka dume, si dalili ya kukomaa. Mwili wa mbwa wa miezi tisa ungali unajijenga, na mimba itamnyang'anya kile anachokihitaji yeye mwenyewe. Subiri atimize angalau mwaka mmoja na apitishe joto la kwanza, kisha apimwe na daktari wa mifugo kabla ya uamuzi wowote. Hata hapo, dume wa kilo nane hafai kabisa kwa jike wa kilo moja na nusu.

Chihuahua ana kichwa kikubwa cha mviringo na nyonga nyembamba, kwa hiyo hata akipandwa na dume wa kimo chake kuzaa kwake kuna mashaka. Isitoshe, mbwa wadogo hubeba watoto wachache, pengine mmoja tu, na mtoto aliye peke yake tumboni hunenepa kupita kiasi, na wakati mwingine hata homoni zake hazitoshi kuuambia mwili wa mama kwamba siku ya kuzaa imefika.

Sijamsahau jike mmoja aliyeletwa kwangu saa nane za usiku, amefungwa katika kanga, baada ya kusukuma tangu magharibi. Kilichokuwa kimetokeza ni ncha ya mkia na ute wa kijani kibichi. Tumboni mlikuwa na mtoto mmoja tu, mkubwa, ambaye alikuwa amekwisha kufa. Mama yake tulimwokoa kwa upasuaji. Mwenye mbwa huyo aliniuliza, machozi yakimtoka, kwa nini hakuna aliyemwambia mapema. Dume alikuwa wa jirani, na kupandisha kulikuwa bure.

Wakati wako utakapofika, hesabu siku 63 hivi za mimba, na kuanzia siku ya 55 mpeleke apigwe picha ya eksirei ili ijulikane ni watoto wangapi wanaotarajiwa. Mpime joto la mwili mara mbili kwa siku katika wiki ya mwisho, kwani likishuka chini ya nyuzi 37, kwa kawaida atazaa ndani ya saa 24. Akisukuma kwa nguvu kwa nusu saa bila mtoto kutoka, au zikipita saa mbili kati ya mtoto na mtoto hali bado wamo wengine, au ukiona ute wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza, usingoje kupambazuke. Kama huna namba ya daktari anayepokea simu usiku, wala fedha za upasuaji ulizoziweka kando, basi hujawa tayari kumpandisha.

Nimeuziwa mtoto wa Yorkshire anayeitwa "wa kikombe". Ana gramu 400, na muuzaji anasema ni aina ya pekee. Asubuhi alilegea akawa kama amezimia. Je, nikimkuza naweza kumzalisha? (Kijana wa Mbezi, Dar es Salaam)

Mwanangu, hakuna aina ya mbwa inayoitwa ya kikombe. Ni jina la sokoni. Watoto hao hupatikana kwa kupandisha wale waliodumaa wao kwa wao, kizazi baada ya kizazi, au kwa kumwuza mtoto wa wiki tano huku mnunuzi akiambiwa kwamba ana wiki kumi. Kulegea huko ni dalili ya kuishiwa sukari mwilini, kwa maana ini lake dogo haliwezi kuweka akiba ya kumvusha usiku mzima. Ikitokea tena, mpake asali kwenye ufizi, mpashe joto, kisha mkimbize kwa daktari. Baada ya hapo mlishe kidogokidogo mara nne au tano kwa siku. Mguse pia utosi wake kwa upole, kwani wengi wa namna hii hukua na utosi usiofunga, na baadhi yao hujaa maji kichwani. Mpende na umtunze, lakini usimzalishe kamwe.

Maltese wangu alizaa watoto wanne wiki tatu zilizopita. Tangu jana anahema, anatetemeka na anatembea akiwa amekakamaa. Nilimpa vidonge vya kalsiamu muda wote wa mimba. (Nyali, Mombasa)

Dada huyu nilimjibu kwa simu saa ile ile, na barua yake naiweka hapa kwa faida ya wengine. Hiyo ni dharura: kalsiamu ya damu imeshuka kwa sababu ya kunyonyesha, na bila kudungwa dawa mshipani polepole na daktari, mbwa hupata degedege na kufa. Watoto huondolewa kwa mama na kupewa maziwa mbadala ya mbwa. Vidonge vya wakati wa mimba, alivyovitoa kwa nia njema, huzidisha hatari hii, kwa kuwa huufanya mwili uache kuitoa kalsiamu mifupani wakati inapohitajika.

Pagi wangu, mbwa wa uso bapa, hukoroma hata akiwa macho. Watu wanasema ndivyo walivyo. Je, kuna ubaya kumzalisha? (Tanga)

Ndivyo tulivyowafanya wawe. Pua iliyofinywa na kaakaa laini lililozidi urefu humnyima hewa, na katika joto la pwani lenye unyevu jambo hilo huua, kwa kuwa mbwa hujipoza kwa kuhema. Uholanzi imezuia kuzalisha mbwa ambao pua yao haifiki theluthi moja ya urefu wa fuvu, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Norwei ilikubali marufuku ya kuzalisha mbwa wa aina ya Cavalier King Charles kwa sababu ya magonjwa ya moyo na ya neva yaliyoenea katika ukoo wote. Nakubaliana na hatua hizo. Mbwa anayekoroma akiwa macho asizalishwe, hata kama ana cheti cha nasaba. Na wenye mbwa wadogo wa aina nyingine wamwombe daktari aipime pia ya goti, yaani kifupa cha mbele ya goti ambacho wengine hukiita kilegesambwa: ikiwa inateguka na kurudi, mbwa huyo anaruka kwa miguu mitatu mara kwa mara, na kilema hicho atawarithisha watoto.

Jike wetu wa Pomeranian ana miaka saba na amezaa mara tatu, mbili kwa upasuaji. Watoto wake wanauzwa haraka. Tumpandishe mara ya mwisho? (Nakuru)

Hapana. Chama cha mbwa cha Uingereza hakisajili watoto wa jike aliyekwisha kupasuliwa mara mbili, na sababu yake ni ya kitabibu: kovu la kizazi linaweza kupasuka mimba ikiwa imekua. Mpelekeni afungwe kizazi, miezi miwili au mitatu baada ya joto lake la mwisho, wakati mishipa ya damu ya kizazi imetulia. Mtakuwa mmemkinga pia na usaha wa kizazi, ugonjwa unaowapata sana majike wa umri wake. Wanaosubiri watoto, warudishieni malipo yao ya awali wiki hii.