Kabla ya kuandika chmod 777

Nikiitwa kuokoa seva ya Linux iliyogoma, huuliza kwanza kama kuna aliyeandika chmod -R 777, yaani amri ya kumpa kila mtu ruhusa zote kwenye folda na vyote vilivyomo, na aliiandika kwenye folda gani. Jibu huwa lilelile: tovuti ilikataa kufungua picha, mtu akatafuta dawa mtandaoni, akaimwaga kwenye mfumo mzima. Naomba sana tuiache tabia hii.

Ukiambiwa "Permission denied", tafuta kwanza ni nani anayekataa. Andika namei -l /srv/tovuti/picha/nembo.png. Amri hiyo hukuonyesha kila folda njiani, kuanzia mzizi hadi kwenye faili, pamoja na mmiliki, kundi na ruhusa zake. Mara nyingi utakuta faili lenyewe ni 644 (kila mtu anaweza kulisoma), halina tatizo lolote, ila folda ya juu yake ni 700 (mmiliki peke yake ndiye anayeruhusiwa). Kwenye folda, x ni ruhusa ya kupita. Mtumiaji asipoweza kupita hapo, ruhusa za faili lililo ndani hazimfai kitu. Basi rekebisha folda hiyo moja. Ikiwa njia yote ni safi na bado unakataliwa, na unachojaribu ni kuendesha programu, tazama kwa findmnt kama diski imeunganishwa (mount) kwa noexec, yaani hairuhusu programu kuendeshwa kutoka humo. Na kwenye Fedora, mojawapo ya mifumo ya Linux, angalia lebo za SELinux (ulinzi wa ziada juu ya ruhusa za kawaida) kwa ls -Z, kisha zirekebishe kwa restorecon.

Ile 777 huharibu hata vilivyokuwa vizima. ssh hukataa ufunguo wa siri unaosomeka na kila mtu. Faili la /usr/bin/sudo, programu ya kuendesha amri kwa mamlaka ya root (msimamizi mkuu), kwenye Debian ni 4755. Hupoteza ile 4 ya mwanzo, inayoifanya iendeshwe kwa mamlaka ya mmiliki wake, na bila hiyo sudo haifanyi kazi. Hapo itabidi uwashe mashine kwa hali ya uokoaji ili uingie kama root.

Ukishaingia, Fedora ina nafuu kubwa, kwa sababu rpm, programu yake ya kusimamia vifurushi vya programu, hukumbuka ruhusa za kila faili ililosakinisha. rpm -Va itakuonyesha herufi M kwenye faili ambalo ruhusa zake zimebadilika. Tanguliza rpm --setugids -a (hurejesha mmiliki na kundi), ndipo ufuate na rpm --setperms -a (hurejesha ruhusa). Ukigeuza mpangilio, kubadilisha mmiliki kutaifuta tena ile 4. Debian haina kumbukumbu hiyo: dpkg -V hulinganisha yaliyomo tu, kwa hiyo sakinisha upya kifurushi kilichoumia, mfano apt install --reinstall sudo. Data zako mwenyewe hakuna kifurushi kitakachozirudisha. Hifadhi ruhusa zake mapema kwa getfacl -R. Siku ya shida setfacl --restore itazirejesha.

Kama unajenga kifurushi upya kutoka kwenye msimbo chanzo, jenga kama mtumiaji wa kawaida. Kwenye Debian, sudo inahitajika kwa apt build-dep (kusakinisha vinavyohitajika kujengea) peke yake. Amri za apt source (kupakua chanzo) na dpkg-buildpackage -us -uc -b (kujenga) haziihitaji. Ukipakua chanzo kwa sudo, folda inakuwa mali ya root na ujenzi unakwama mwanzoni kabisa. Irudishe kwako kwa chown -R. Watu wa Arch, mfumo mwingine wa Linux, ni wakali zaidi, na nawaunga mkono: makepkg, programu yao ya kujenga vifurushi, hukataa katakata kuendeshwa na root.

Unaposakinisha .deb (kifurushi cha Debian) uliyoijenga, apt inaweza kulalamika kwamba _apt, mtumiaji wa mfumo asiye na mamlaka ambaye apt humtumia kupakua, hawezi kulifikia faili. Ni taarifa tu, usakinishaji unaendelea. Ikikukera, nakili faili hilo kwenye /tmp na usakinishe kutoka huko, badala ya kufungua folda yako ya nyumbani kwa kila mtu.