Ukali wa kocha unaishia wapi? Kwa mchezaji mpya aliyeingia klabu ya Nairobi

Umetia saini mkataba wako wa kwanza, na wiki hiyo hiyo kocha amekufokea mbele ya kikosi kizima. Usikimbilie kuhukumu. Sikiliza maneno yenyewe. "Umechelewa kurudi, upande wako umebaki wazi" ni kazi. Ukirekebisha, kelele zinakwisha. Akikutukania mama au kabila lako, hakuna unachoweza kurekebisha, na huo ni unyanyasaji hata akiusema kwa sauti ya chini.

Mazoezi magumu yana mpango: idadi, muda wa kupumzika, na sababu ambayo kocha anaweza kuieleza akiulizwa. Ukitoka Mombasa, kumbuka Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Wiki mbili tatu za kwanza utahema kuliko wenzako. Kocha anayejua kazi hukupandishia mzigo polepole; anayekuita mvivu na kukuongezea mizunguko hajui, au hajali.

Tunachokiogopa zaidi ni adhabu za mwili. Umechelewa kwa sababu ya foleni ya Jogoo Road, unaambiwa uruke kichura mara 200. Misuli ikilazimishwa ghafla kazi isiyoizoea, nyuzi zake hupasuka na kumwaga protini kwenye damu, na protini hiyo huumiza figo. Ukiona mkojo umekuwa rangi ya chai ya strungi siku moja hadi tatu baadaye, huku mapaja yamevimba na hayakunjiki, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mwambie daktari ulifanya zoezi gani na mara ngapi. Usinywe dawa za maumivu kama diclofenac kabla ya kumwona. Zinaweza kuongeza madhara kwenye figo.

Kwa wasichana, uzito ndio mlango wa mateso mengi. Mwanariadha wa Marekani Mary Cain alieleza mwaka 2019 kwamba alipimwa uzito mbele ya wenzake, akakosa hedhi miaka 3 na kuvunjika mifupa 5. Kukosa hedhi miezi 3 mfululizo si dalili ya kuiva kimazoezi. Mara nyingi mwili wa mwanariadha unalia njaa. Mwone daktari, na ikiwezekana asiwe wa klabu.

Jeraha: uamuzi wa kurudi uwanjani ni wa daktari. Kocha akikutisha kwamba utapoteza nafasi yako kwa sababu umesema unaumwa, mpaka umevukwa.

Kuna pia mateso ya kimya. Unatengwa ufanye mazoezi peke yako ili uvunje mkataba mwenyewe. Kanuni za FIFA za uhamisho, kifungu cha 14, humruhusu mchezaji anayesukumwa hivyo kuvunja mkataba kwa sababu halali, lakini usiondoke kabla ya kuzungumza na wakili au chama cha wachezaji. Ukiacha tu kufika, kosa linageuka lako.

Andika kila tukio siku hiyo hiyo: tarehe, saa, uwanja, maneno kamili, nani alikuwepo. Piga picha ukurasa na umtumie mtu wa nyumbani, kwa sababu simu hupotea. Malalamiko peleka kwa maandishi, kwanza klabuni, kisha shirikisho, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mguso au ombi la kingono halipitii klabuni kwanza: piga 1195, simu ya msaada kwa ukatili wa kijinsia, au 116, simu ya msaada kwa watoto, ukiwa hujafika miaka 18. Simu zote mbili ni za bure.