Nina figo moja, na ndoo ya maji nabeba mwenyewe

Juzi dada mmoja kaniandikia. Mama yake anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, vipimo vinaonyesha yeye anafaa kumtolea figo, na mchumba kamwambia wazi: ukitoa, mimi simo. Anauliza, "Dada, maisha yakoje baada ya hapo? Hata ndoo ya maji nitabeba kweli?"

Nabeba. Ya lita 20, kichwani, maji yakikatika Dar kama ilivyo kawaida yake. Wiki za mwanzo baada ya upasuaji walinikataza kunyanyua vitu vizito mpaka kidonda kikaze. Baada ya hapo hakuna aliyenihurumia tena pale nyumbani.

Nilimpa kaka yangu ya kushoto. Madaktari huipenda hiyo kwa sababu mshipa wake ni mrefu, kuunganisha ni rahisi. Muhimbili walishaanza kupandikiza, tangu Novemba 2017. Kabla ya hapo habari zilikuwa za India tu. Kaka leo yuko dukani kwake Kariakoo, ananigombeza kwa simu kama zamani.

Kisu hakikuniuma kama kikao cha posa. Mama wa mwanamume alinipandisha na kunishusha, akauliza mbele ya shangazi zangu: "Huyu aliyebaki nusu, atazaa?" Posa ikafa palepale, ila chai walikunywa na maandazi wakamaliza.

Nimezaa, mama. Binti yuko chekechea, na baba yake hakuwahi kunihesabu figo. Daktari alitaka nisubiri mwaka kwanza baada ya kutoa, na kliniki walinifuatilia presha kwa karibu, maana kwetu sisi tuliotoa, hatari ya presha ya mimba huongezeka kidogo. Kuongezeka si kukatazwa.

Figo inayobaki huwa inatanuka na kubeba kazi ya mwenzake. Haifikii uwezo wa mbili, lakini inatosha kabisa. Wapo waliozaliwa na moja wasijue mpaka utu uzima, siku wanapopigwa altrasaundi kwa jambo jingine.

Ila uilinde. Majuzi mgongo ulinisumbua, nikaingia duka la dawa. Sijamaliza hata sentensi, kijana ameshanikatia diklofenaki kwa mkasi, vidonge sita, kaviweka kwenye kibahasha. Nikamrudishia. Dawa hiyo, na ibuprofeni na ndugu zake, hupunguza damu inayokwenda kwenye figo. Nikachukua paracetamol yangu nikaondoka, na yeye kanuna.

Na ninyi mnaonunua stendi chupa ya dawa ya kienyeji "ya kusafisha figo", isiyo na lebo, mtanisamehe. Figo ndiyo inayosafisha! Mnaimwagia kitu ambacho hata muuzaji hajui kina nini, halafu mnakuja kuchangisha ukoo mzima kwenye kundi la WhatsApp. Tubadilike jamani.

Chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa siku ndiyo mwisho, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na chipsi. Maji kunywa ya kiu yako, hakuna haja ya kujijaza kama tangi. Presha pima. Kila mwaka nenda ukapimwe kreatinini kwenye damu, yaani taka ambayo figo huichuja, na protini kwenye mkojo, hata ukijisikia mzima, kwa sababu figo ikianza kuchoka haikwambii mapema. Sigara acha. Presha nimeshasema? Pima tena.

Wewe dada, kabla ya upasuaji omba kuongea na daktari peke yako, mama asiwepo wala wajomba. Hapo ndipo pa kusema ukweli wako, na kama hutaki, mwambie hutaki. Ni haki yako. Mchumba naye mwite kliniki akasikie kwa masikio yake. Akigoma kwenda, nitumie namba yake. Nina maneno ya kumwambia ambayo hapa hayaandikiki.