Mdudu wa kunde, na haraka ya kushika bomba

*Kunde zangu Mtongwe zimeingiwa na wadudu wembamba wa kahawia, wana mstari wa njano ubavuni. Nikiwakaribia wanaruka kama nyigu. Ni wadudu gani?*

Asante kwa kutazama hadi ubavuni. Kwa maelezo hayo ni Riptortus dentipes, kunguni wa mimea wa jamii ya vichwa vipana. Mtazame kichwa: upana wake unakaribia ule wa mabega. Kisha paja la nyuma: nene, na upande wa chini lina miiba kama meno ya msumeno. Anafanana na nyigu, lakini mwiba wa kudunga hana. Silaha yake ni mrija, anaouchomeka kwenye ganda changa na kufyonza punje. Ganda hubaki kijani, ukilipasua ndani punje zimesinyaa.

*Sisimizi weusi wamejaa kwenye mbaazi. Nipulize dawa gani?*

Kila wiki swali hili, na kila wiki dawa inatangulia macho! Una hakika ni sisimizi? Tunutu, yaani watoto, wa kunguni huyu huyu wameumbwa kama sisimizi, kiuno na mwendo. Juzi nilimfuata mmoja juu ya mbaazi. Alikwenda mbio, akasimama, akatikisa papasi, zile nyuzi za kichwani, sisimizi kabisa. Alipofika kwenye ganda akaukunjua mrija. Sisimizi ana taya, na papasi zake zimepinda kama kiwiko. Tunutu papasi zake hazina kiwiko. Ukihesabu miguu minane, huyo ni buibui anayeiga vilevile, na anakusaidia. Mwache.

Na nyinyi mnaochoma viota vya sisimizi waitwao maji moto minazini kwa sababu wanauma, acheni. Hao ndio wanaomfukuza Pseudotheraptus wayi, kunguni anayefyonza na kuangusha vidaka, nazi changa. Mkiwamaliza, mtaokota vidaka chini na mahamri mtayalia mbaazi zisizo na tui.

*Hawa kunguni wataingia kitandani?*

Hapana. Wa kitandani anakula damu, huyu anakula mimea.

*Nilipiga dawa, baada ya siku tatu wamerudi.*

Wana mabawa. Wametoka kichakani na kwenye konde la jirani, na dawa yako imewaua vijinyigu vinavyotaga ndani ya mayai yao. Nenda alfajiri, umande haujakauka, wangali wazito wa baridi; wakung'utie kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Tena nakuuliza mimi: majani ya kunde hizo mliyachuma lini? Kopo la dawa limeandikwa siku za kungoja kabla ya kuvuna. Kuna watu wanapuliza asubuhi na jioni mboga iko mezani, watoto wanakula.

*Nimekutumia picha, mbona hujajibu?*

Naona kivuli na kidole chako. Piga upya mchana, kichwa, papasi na paja la nyuma vionekane, na useme umemkuta kwenye mmea gani.