Pampu za seli zinajuaje kazi yake?

SWALI: Habari mhariri, nimesoma eti kila seli ina pampu za kutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu. Sasa inajuaje ipi ni ipi, na nikifanya mazoezi sana si zitazidiwa?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Hiyo pampu ni protini tu imekaa kwenye utando wa seli, macho haina, inachofanya ni kubadilika umbo. Ikiwa imefungukia ndani vishimo vyake vinanasa ioni (chembe zenye chaji ya umeme) 3 za sodiamu, hapo ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, inaibandika kipande cha fosfeti, basi inageuka inafungukia nje na vile vishimo vinaiachia sodiamu, sasa vinaitaka potasiamu, zinanasa 2, fosfeti inabanduka na pampu inarudi kama ilivyokuwa. Ni kama mlango wa pande mbili ambao hauwezi kufunguka kote kwa pamoja. Aliyeigundua ni Jens Christian Skou wa Denmark, 1957, na Nobel akaja kupewa 1997, miaka 40 jamani!

Kuzidiwa? Misuli ikifanya kazi sodiamu inaingia kwa wingi, na ikizidi ndani pampu yenyewe inakaza mwendo. Ukiendelea na mazoezi wiki kadhaa misuli inatengeneza pampu nyingine, ukiacha zinapungua, mwili hautunzi kisichotumika. Kwenye figo ni homoni ya aldosteroni ndo inaagiza ziongezwe, ila hiyo ni stori nyingine ndefu, niandikie tena.